Mkono Uliobaki Begani

Kwetu hakuna mwenye shida ambaye hajapigwa picha. Nchi nyingine huwalisha watu wao kwanza, kamera huikumbuka baadaye; sisi tulishauona ujinga wa utaratibu huo. Mtu akishashiba, picha yake ya njaa utaipata wapi tena? Kwa hiyo Wizara ya Ustawi na Tabasamu, ambayo nimeitumikia miaka thelathini na minne bila onyo hata moja, hupiga picha kwanza, ikaitazama, ikaijadili, na mwisho wa majadiliano, kama mwenye shida bado yupo, humsaidia.

Mimi si mpiga picha. Wapiga picha ni watu wa safari na kofia. Mimi ni Mkata Kingo Daraja la Pili. Picha ikishakauka huletwa mezani kwangu pamoja na maelekezo kwenye karatasi ya njano, nami huondoa kwa mkasi kile kisichohitajika. Mkungu wa ndizi nyuma ya mwenye njaa, toa. Redio, toa. Mjomba anayecheka, toa. Ni kazi ya utulivu, na watu wengi hawajui kwamba ipo.

Kwa miaka mingi nilichokiondoa kuliko vyote kilikuwa akina mama.

Ngojeni nieleze, msije mkatuona watu wabaya. Mwaka ule wa ukame mkubwa wafadhili walituandikia kwamba wana maziwa ya unga, meli nzima, ila ni ya mayatima tu. Serikali ikahesabu mayatima wake, ikakuta hawatoshi. Watoto wenye njaa walikuwepo tele, lakini wengi wao, kwa uzembe wa familia zao, walikuwa na mama. Waziri wa wakati ule akajifungia na wataalamu siku mbili, wakatoka na waraka ambao mpaka leo naujua kwa moyo: "Yatima ni mtoto yeyote ambaye katika picha yake halali haonekani na mzazi." Basi. Hakuna aliyeuawa. Mkasi tu.

Nikakata. Siku nyingine ishirini, siku nyingine arobaini. Mama husimama kushoto au kulia, mara nyingi kamshika mtoto mkono, na kukata panaposhikana mikono kunataka ufundi. Vipande vyao havikutupwa. Mali ya Serikali haitupwi mpaka Kamati ya Kufuta Vitu Chakavu ikae, na Kamati hiyo haijakaa tangu mwenyekiti wake alipofariki, maana ni yenyewe tu yenye mamlaka ya kulifuta jina lake kwenye orodha ya wajumbe. Akina mama nikawa nawaweka kwenye makopo matupu ya yale yale maziwa, kwa namba, mpaka makopo yakafika arobaini na mawili. Yamepangwa nyuma ya kiti changu.

Jambo moja nililiona mapema, nikalinyamazia. Ukivitoa vile vipande ukavitazama, karibu hakuna mama anayeangalia kamera. Wote wanaangalia pembeni, chini kidogo, pale nilipopitisha mkasi.

*

Picha namba 1107 ililetwa siku ya joto kali. Mtoto wa kike, miaka mitatu hivi, tumbo mbele, anamkodolea macho mpiga picha kama anayemdai maelezo. Mama yake kasimama ubavuni, nyuma kidogo, mkono wa kulia kauweka begani kwa mtoto. Nikamkata mama toka utosini hadi nyayoni, lakini mkono ukakataa kutoka. Ningeutoa, na bega la mtoto lingeondoka nao. Nikaukata kwenye kifundo, nikauacha pale ulipo, nikajiambia kesho nitaufunika kwa wino.

Kesho yake Waziri akaja ghafla kukagua vyumba. Akaiokota ile picha mezani, akavaa miwani.

"Huu mkono wa nani?"

Nina mke, nina watoto, nilikuwa nakaa nyumba ya Serikali. Nikasema, "Wa Serikali, Mheshimiwa."

Akaivua miwani. Nilidhani nimekwisha. Kumbe mzee wa watu alikuwa anafuta machozi. "Miaka yote hii," akasema, "nahangaika namna ya kuwaonyesha wananchi Serikali yao ilivyo, na kumbe iko hapa, imetulia begani kwa mtoto."

Nikapandishwa daraja mwezi uleule. Mkono nao ukapanda. Ulianza kwenye mabango, ukaenda kwenye stempu, ukaingia kwenye milango ya zahanati na kwenye majalada ya madaftari ya shule, mwisho ukawa katikati ya noti. Ulikuwa na ila moja: kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda, kama kilichowahi kuvunjika kikaunga vibaya. Lakini ila ya Serikali si ila. Profesa mmoja aliandika kitabu kizima kueleza kwamba kidole kilichopinda ni ishara ya sera yetu ya kutofungamana na upande wowote. Saluti ya taifa ikabadilishwa, ikawa inapigwa kwa kidole cha mwisho kilichokunjwa, na vijana wenye uchungu na nchi walikuwa wakilala wamekifunga kwa uzi ili kizoee.

*

Mwenye mkono alifika mapema, baada ya wiki tatu tu, noti na kitabu vikiwa bado lakini saluti imeshaanza kufundishwa maofisini; ilikuwa Jumanne, siku ya malalamiko. Jina lake Bi Sikudhani. Alikuwa ametembea siku nne. Nilikuwa nimepeleka bahasha pale dirishani, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Mwanangu Nyamizi walimpandisha lori lenu," alimwambia karani. "Wakaniambia ni kwa siku mbili tu, akanywe maziwa. Nimekuja kumchukua."

Karani akafunua faili. "Ni huyu?"

"Ndiye! Ndiye huyo, mwanangu!"

"Mama, pole. Huyu ni yatima."

"Yatima wa nani, na mimi niko hapa?"

"Usikasirike. Itazame picha mwenyewe. Wewe uko wapi?"

Bi Sikudhani akaitazama muda mrefu. Kisha akaweka kidole juu ya ule mkono. "Mimi ndiye huyu hapa."

"Huo ni mkono wa Serikali."

Basi akaunyanyua mkono wake wa kulia, akaubandika kwenye kioo cha dirisha, vidole vitano vimetanuka, na kile cha mwisho kimepinda. "Mtwangio ulinivunja nikiwa msichana," akasema. Karani, kwa mazoea, akasimama na kupiga saluti.

Mtu mwingine angefikiri shauri limeisha hapo. Hajui Wizara. Ikiwa mkono ni wa mama, basi mtoto ana mama. Ikiwa mtoto ana mama, si yatima. Na ikiwa namba 1107 si yatima, wafadhili wangeuliza kuhusu namba 1106, na 1105, mpaka wafike kwenye kopo la kwanza. Siku hiyohiyo iliamuliwa kwamba Bi Sikudhani hayupo. Mtoto akabadilishwa jina, akaitwa Fadhila Taifa, akapelekwa mkoa wa mbali ambao jina lake liliwekwa kwenye bahasha, na bahasha ikawekwa kwenye kabati ambalo ufunguo wake ni siri.

Asiyekuwepo akaendelea kuja. Kila Jumanne, miaka thelathini na mmoja. Askari wa getini ilimbidi amwandike kwenye kitabu cha wageni, maana kila anayepita huandikwa, kwa hiyo ukifungua vitabu vile utakuta, wiki baada ya wiki: "Jina: hakuna. Anamtaka: hakuna. Saa ya kuingia: mbili kasorobo." Makarani wapya walioambiwa kwamba yule mama hayupo, na macho yao yanamwona amekaa kwenye benchi, walipata tabu. Mmoja akawa anafukiza ubani ofisini kila Jumatatu jioni. Wajawazito waliomba likizo ya siku moja kwa wiki. Wizara ya watu elfu mbili ilimwogopa mwanamke mmoja mwenye chakula kilichofungwa kitambaani mapajani.

Mimi alikuwa ananisalimu. Hakujua mimi ni nani. "Za kazi, baba?" Nami nilikuwa najibu, "Njema, mama," nikipita upesi. Niliona aibu, nasema kweli, lakini aibu haijawahi kumfukuzisha mtu kazi, na ukweli umeshawafukuzisha wengi. Ikafika mahali siwezi kuona watu wawili wamesimama pamoja bila kutafuta mkasi ungepita wapi. Kwenye arusi ya binti yangu niliangalia picha za maharusi, nikajikuta vidole vinacheza. Niliomba udhuru nikatoka nje.

*

Mwaka jana tukaelekea Yubile ya Wizara. Mheshimiwa Makwinya, Waziri wetu wa sasa, akatangaza kwamba kilele cha sherehe kitakuwa kuipiga upya ile picha, mtoto yuleyule na mkono uleule, ili dunia ione yatima alivyostawi. Kabati likavunjwa, bahasha ikapatikana, na Fadhila akapatikana: mwanamke wa miaka thelathini na minne, mkuu wa shule ya mayatima huko mpakani, hana mume, hana ndugu, na kila mtumishi wa shule anamsifu kwamba hajawahi kuchelewa.

Kilichokuwa kigumu ni mkono. Mheshimiwa alitaka utumike wa kwake, akafungwa uzi kidole siku tisa, kikavimba kikawa kama muhogo. Wakatengeneza wa plasta; ukiwekwa begani mwa mtu, mtu anaonekana kama anavutwa kaburini. Mkurugenzi wa Sherehe, Bwana Mpangala, ndiye aliyesema kwa sauti ya chini kwamba mkono wenyewe, kwa taarifa alizonazo, huwa unakaa kwenye benchi pale chini kila Jumanne.

Ikaundwa Kamati ya Ulinganishi. Bi Sikudhani akaitwa ndani kwa mara ya kwanza.

"Mkono uwekwe mezani," akasema mwenyekiti.

Akauweka. "Na mimi nikae wapi?"

"Kaa karibu na mkono."

Wakaupima kwa rula, wakaupulizia unga, wakaulinganisha na noti. Kisha wakataka ushahidi wa upande wa pili, nami nikaagizwa nilete kopo la kumi na saba. Nilikitoa kile kipande. Nikakisogeza kwenye picha namba 1107 mpaka kifundo kikakutana na kifundo. Hakukubaki hata ufa. Pale mezani, baada ya miaka thelathini na mmoja, alikuwepo msichana amevaa khanga yenye kiraka, ameinamisha uso kumtazama mwanawe, na mwanawe yupo.

Bi Sikudhani akasogea. "Nilikuwa mdogo hivi?" akauliza. Halafu akauliza, "Nani alinikata?"

Kamati yote ikaangalia dari. Nikasema, "Mimi, mama."

Alinitazama. Nilitamani anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nayajua mengi na nilistahili yote.

"Mtoto hukumgusa," akasema. "Ahsante."

Sijawahi kupigwa vile. Kamati ikaendelea na kazi, ikatoa uamuzi wa kurasa sita ambao kwa ufupi ulisema: mkono ni halisi na ni mali ya Serikali, mwanamke aliyepatikana nao ni kiambatisho chake. Siku ya pili barua ikaandikwa kwa Mkono. "Unatakiwa kufika Ukumbi wa Taifa saa mbili asubuhi ukiwa safi. Sehemu nyingine za mwili zitakazolazimika kufuatana nawe zitakaa nyuma ya pazia na hazitazungumza."

Alipoomba kumwona mwanawe kabla ya sherehe, Bwana Mpangala alimweleza vizuri tu, hata kiti akampa. "Mama, sikiliza. Shule anayoiongoza ni ya yatima. Nyumba anayokaa ni ya yatima. Cheti chake, jina lake, vyote ni vya yatima. Ukisema neno moja, anakuwa na mama, na vyote vinaondoka. Unataka kumfanyia hivyo?"

Bi Sikudhani akafikiri. "Miaka yote hii nimesema," akajibu. "Safari hii nitanyamaza. Nataka kumgusa tu."

*

Nilipangiwa kusimama nyuma ya pazia pamoja naye, kuhakikisha kiambatisho hakizungumzi. Pazia lilikuwa jeusi, zito, limetobolewa tundu moja lenye upindo wa dhahabu. Pembeni palikuwa na mwanya, nikawa naona ukumbi: mabalozi, viongozi wa dini, watoto wa shule wamepiga saluti ya kidole. Mheshimiwa Makwinya alikuwa anasoma hotuba.

"Mkono huu," alikuwa anasema, "haujawahi kuchoka! Mkono huu haujawahi kuomba! Wananchi, jiulizeni, leo hii mngekuwa wapi bila mkono huu?"

Wakamleta Fadhila. Walikuwa wamemwazimisha gauni la sherehe, la bluu, na kwa haraka ya kumvalisha lebo ilikuwa imechomoza shingoni, imesimama. Bwana Mpangala akamnong'oneza, nasi tukasikia kila neno: "Tazama mbele. Usigeuke hata kidogo. Yatima akigeuka, picha imeharibika, na unajua adhabu ya kuharibu picha ya Taifa." Fadhila akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na mgongo wa mtu aliyefundishwa kusimama wima tangu utotoni. Bi Sikudhani aliuona mgongo ule kupitia tundu, akaitia ncha ya khanga mdomoni, akaing'ata.

"Mkono!" Bwana Mpangala akaita.

Mkono ukapita kwenye tundu, ukafika begani, ukatua. Mimi niliyemshika kiwiko nilihisi mwili wote ukitikisika, lakini mkono wenyewe, huko nje, ulikuwa umetulia kama ulivyotulia kwenye noti. Mpiga picha akainama. Kila kitu kingekwenda sawa.

Ila mkono ulikuwa umeigusa ile lebo.

Ukasimama kidogo, kama unaojiuliza. Kisha taratibu vidole vikaishika lebo, vikaikunja, vikairudisha ndani ya gauni, vikalainisha kola, na kile kidole kilichopinda kikapangusa uzi mmoja mweupe uliokuwa umenasa begani. Halafu mkono ukarudi mahali pake.

"Mkono utulie!" Bwana Mpangala akanong'ona kwa ukali.

Fadhila hakugeuka. Lakini nilimwona mabega yakipanda na kushuka. Akauliza, macho mbele, "Ni nani yuko nyuma yangu?"

"Taifa," Bwana Mpangala akajibu.

"Taifa linatetemeka."

"Ni kwa furaha. Tazama mbele!"

"Nina miaka kumi nafundisha," Fadhila akasema, polepole, kama anayejisomea mwenyewe. "Serikali imenipa nguo nyingi. Haijawahi kunitengeneza kola." Akaunyanyua mkono wake, akaushika ule wa begani, akaupapasa kidole kimoja kimoja mpaka akafika cha mwisho. Bi Sikudhani bado alikuwa ameng'ata khanga, machozi yanamtiririka mpaka shingoni, na hakutoa hata pumzi. Mimi ndiye niliyepaswa kuhakikisha ukimya, na ndiye niliyeuvunja. Nilisema, "Geuka, mwanangu. Yupo." Sijui nilipata wapi sauti.

Akageuka, akalivuta pazia.

Wakatazamana. Ningependa kuwaambia kwamba walikumbatiana palepale, kama ninyi mnavyopenda, lakini Fadhila alirudi nyuma hatua moja. Aliuchunguza uso wa yule mama juu hadi chini, kulia na kushoto, kwa hofu ya mtu anayetafuta kitu alichoambiwa kipo mahali fulani na hakioni.

"Uso siujui," akasema. "Nisamehe. Nautafuta, lakini siujui. Mkono tu ndio naujua. Ulikuwa kwenye madaftari yangu yote, nilikuwa naulalia."

Bi Sikudhani akaitoa khanga mdomoni. "Basi tuanzie hapohapo kwenye mkono, mwanangu," akasema. "Huko kwingine tutafika."

Wakashuka jukwaani wameshikana, wakapita mlango wa watumishi. Mheshimiwa Makwinya alikuwa ukurasa wa tisa, na kwa kuwa maandishi yalimtaka awashukuru wazazi wote wa nchi kwa utulivu wao, aliwashukuru.

*

Kama ilivyotarajiwa, Fadhila alipewa wiki mbili kuhama. Barua yake ilimtaka pia arudishe utoto wote aliopewa na Serikali ukiwa katika hali nzuri. Nasikia wanaishi kwa Bi Sikudhani, na kwamba yule mama huwa anajisahau, Jumanne asubuhi anaamka anajifunga khanga ya kwenda Wizarani, mpaka binti amkalishe.

Mimi nimeandikiwa barua mbili. Ya kwanza inauliza mkono wa Serikali ulioandikwa kwenye orodha ya mali umekwenda wapi. Ya pili ni ya Mheshimiwa mwenyewe, ya upole, kwamba yaliyopita si ndwele, na kwa kuwa mimi ni mzoefu, nifungue makopo yangu nichague mkono mwingine, wenye sura nzuri, usiopinda, Wizara iuanzishe mwaka mpya.

Nimeyafungua yote arobaini na mawili, nikavitandaza vipande mezani, sakafuni, dirishani, mpaka hapakuwa na pa kukanyaga. Wanawake elfu kadhaa, wa kijijini na wa mjini, wenye watoto mgongoni na wasio nao, wote wanaangalia pembeni, chini kidogo. Nimekaa katikati yao tangu asubuhi. Sikumpata hata mmoja ambaye mkono wake haukuwa unamtafuta mtu.

Nimemjibu Mheshimiwa kwa mstari mmoja: mikono yote iliyopo ina wenyewe, na leo nimeanza kuwaandikia barua.